Mbwa Mwenye Uzoefu

Jumatatu, 6 Juni 1994

Siku kubwa. Nimepata mbwa! Bure! Mzungu mmoja, fundi mitambo wa kiwanda cha samaki, anarudi kwao na mbwa hana tiketi. Anaitwa Meja. Ana miaka kumi na moja. Mkubwa kama ndama.

Jirani yangu Josephat amenicheka waziwazi. Yeye amenunua kitoto cha mbwa, amekiita Kifaru. Kinakojoa hata ndani ya viatu. Atasubiri mwaka mzima kijue kubweka. Mimi nimechukua aliyekwisha kumaliza shule!

Tangu nipunguzwe kazini nimekuwa nikiwaza. Siku hizi Mwanza kila mtu anafungua duka, na kila duka linataka mlinzi. Nitaanzisha kampuni ya ulinzi. Mkurugenzi mimi, askari Meja. Mke wangu Dorotea ameuliza askari atakula nini. Swali la mtu asiyeona mbali.

Jumanne, 7 Juni

Nimemwamuru Meja asimame. Kalala. Nikagundua kosa: hajui Kiswahili. Nikamwamuru kwa Kiingereza, kwa sauti ya gwaride. Wanachuo watatu wa ualimu waliokuwa wakipita njiani wakasimama. Meja hakusimama.

Ugali amekataa. Dagaa amekataa. Kumbe magego hana. Dorotea akasema maskini mzee wa watu, akamtwangia dagaa na kumchanganyia kwenye uji. Akala, akalaza kichwa mapajani kwake. Mimi nilikula baadaye, uji uliobaki.

Alhamisi, 9 Juni

Buzuruga, kwa Mzee Machibya, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akimtazama Meja. Meja akiwa amekaa anatisha sana. Ni akisimama ndipo mambo yanaharibika.

Mzee amesema anaibiwa misumari mchana kweupe. Anataka kwanza kuiona kazi, keshokutwa saa nne asubuhi. Akiridhika, mkataba wa mwaka mzima! Dorotea amesema nikiukosa, nitafanya kazi atakayonichagulia yeye. Nimekubali. Nitaukosaje?

Ijumaa, 10 Juni

Balaa. Sufuria limeanguka nyuma ya Meja. Kuku waliruka, mimi niliruka. Meja hakutikisa hata sikio. Dorotea akapiga makofi kisogoni kwake. Wapi!

"Baba Winnie," akasema, "huyu ni kiziwi."

Nikamjibu kwamba mlinzi asiyesikia hawezi kudanganywa na wezi. 

Mpango mpya: mwizi nitakuwa mimi. Meja akiniona atanikimbilia kwa furaha, mzee atadhani nashambuliwa. Akili hizi nimezaliwa nazo.

Jumamosi, 11 Juni

Naandika nimelala kifudifudi.

Dorotea alitangulia na Meja dukani, shingo upande. Mimi nikaja nimefunga kitambaa usoni, nikanyakua koleo. Meja akanitambua. Akatembea taratibu, akajilaza juu ya miguu yangu. Nikamnong'oneza anishambulie. Namnong'oneza kiziwi! Watu wakaanza kucheka.

Nani kaja kununua bawaba wakati huohuo? Josephat, na Kifaru wake kwenye kamba. Kamba ikamponyoka. Kitoto kikaruka, kikaning'ata kalioni! Nikapiga yowe, kitambaa kikaanguka. Mzee Machibya alicheka mpaka akashikilia mzani. Kisha akamwuliza Josephat kama Kifaru ana kazi.

Lakini niandike na hili. Kifaru aliporudi kuning'ata mara ya pili, Meja aliinuka. Akasimama kati yetu, miguu ikimtetemeka, akabweka mara moja tu. Sauti kama honi ya meli! Kifaru alijikojolea. Dorotea alimkumbatia Meja, machozi yakimtoka. Mimi hakuna aliyenikumbatia.

Jumapili, 12 Juni

Sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa cha mbwa, hospitalini. Dorotea ametangaza: kesho naanza kubeba magunia bandarini na kaka yake. Meja haondoki nyumbani, hata nikiondoka mimi.

Nimeyakubali yote kwa unyenyekevu, kwa sababu muuguzi amenipa habari nzito. Kuna padri kule kisiwani, Nansio, anamtafutia mbwa wake makao. Miaka kumi na minne. Haoni kabisa, lakini anasikia hata jani likianguka!

Meja anaona, hasikii. Huyo anasikia, haoni. Wakiunganishwa ni mbwa mmoja kamili, mwenye uzoefu wa miaka ishirini na mitano. Josephat atampata wapi wa hivyo?

Kesho bandarini nitakwenda, kama nilivyoahidi. Meli ya Nansio inaondoka saa tatu.