Dakika Arobaini na Moja Juu ya Kisirani

Kijiji cha Vudee,
Same.
14 Septemba 1988

Kwa Katibu,
Kamati ya Mashindano ya Vijana ya Kupanda Ng'ombe,
Same Mjini.

Ndugu Katibu Honorata,

YAH: KUNYIMWA USHINDI BINTI ALIYEKAA JUU YA NG'OMBE KULIKO WENZAKE WOTE

Najua tungekuwa ana kwa ana ungeniamkia, kwa hiyo naanza kwa kuitikia: marahaba, mwanangu. Sisi huku Vudee ni wazima, isipokuwa ukuta wa banda langu, ambao nitauelezea kwenye lalamiko la pili. Mimi ni Eliakimu Mgonja, karani mstaafu wa chama cha ushirika cha kahawa, mzee wa kanisa la Wasabato, baba mzazi wa Doris, na mwenye ng'ombe dume aitwaye Kisirani. Kwa vyeo vyote hivyo vinne, nimekasirika.

Sina ugomvi na mashindano yenyewe. Tangu biashara zifunguliwe, mengi yameingia Same pamoja na sabuni na vitambaa, na mojawapo ni ile video ya dukani kwa Salimu, ambamo vijana wetu waliwaona Wamarekani wakirushwa na ng'ombe mbele ya watu wanaopiga makofi. Mkaona nasi tusipitwe. Sawa. Mkaunda kamati, mkaandika kanuni kumi na moja, mkazibandika katika kila ofisi ya kata. Mimi nimesoma kanuni maisha yangu yote, na nilipozisoma zenu nikiwa nimesimama juani nilifurahi mno, maana zilikuwa fupi na zinaeleweka. Kanuni ya pili ilisema kila kata ilete dume wake. Kanuni ya nne ilisema, nanukuu, "Atakayekaa juu ya ng'ombe kwa muda mrefu kuliko wenzake ndiye mshindi." Na kanuni ya kumi na moja ilisema zawadi ya mshindi ni cherehani mpya yenye meza na pedali.

Hapo kwenye cherehani ndipo roho yetu ilipo. Binti yangu Doris ana miaka ishirini. Kwa miaka miwili amekuwa akijifunza ushonaji kwa Bi Rabia, pale barazani kwake mjini, ambako cherehani ni moja na wasichana ni watano. Zamu ya Doris ni Jumatano baada ya saa nane, umeme wa Bi Rabia usipokuwa na kazi ya pasi, na wateja wasipokuwa wengi. Siku nyingine zote anashika mkasi tu na kuangalia. Hata hivyo anakata gauni kwa kukuangalia mara moja, bila futi, na ukilivaa unadhani ulizaliwa nalo. Huku milimani hakuna fundi. Mtu akitaka sare ya mtoto anashuka hadi Same na kurudi siku ya tatu. Doris akipata cherehani yake anarudi nyumbani kesho, na kijiji kizima kitavaa. Asipoipata, ataendelea kushika mkasi wa watu mpaka azeeke. Ndiyo maana alijiandikisha, na ndiyo maana nakuandikia.

Sasa malalamiko.

1. Mashindano mliyapanga Jumamosi. Jamani! Wilaya yenye Wasabato kama hii, na siku ziko saba. Mimi kama mzee wa kanisa sikuweza kuhudhuria mchezo siku ya Sabato, kwa hiyo nilihudhuria kama mtu aliyefuata ng'ombe wake, jambo ambalo linaruhusiwa. Nilikaa mstari wa mbele kabisa ili uchungu wangu uwe kamili.

2. Kanuni ya pili iliandikwa na watu wa tambarare, kwa ajili ya watu wa tambarare. Ninyi huko chini ng'ombe wenu wanatembea. Huku juu ng'ombe hafuati majani. Majani ndiyo yanayomfuata, tena yakiwa kichwani mwa mtu. Kisirani aliingia banda langu akiwa ndama wa wiki mbili, kupitia mlango wa ndama, na hakuwa ametoka tangu siku hiyo. Barua yenu ilipofika tukagundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria kwa miaka minne: ng'ombe amekua, mlango haukukua. Basi tukabomoa ukuta. Tulitumia nusu siku, wanaume wanane, na mmoja wao ni jirani yangu Filipo, ambaye Kisirani alimkanyaga mguu kama shukrani. Halafu tukampakia kwenye gari la ndizi. Mpaka leo banda langu lina dirisha ambalo mtu anaweza kulipitia akiwa amebeba meza. Hilo kamati haikuliona kabisa, na sijasikia hata pole.

3. Kanuni ya saba ilidai kila mpanda ng'ombe avae kofia pana na mabuti. Katika miaka hii ambayo kupata kandambili mbili zinazofanana ni sherehe, mliwaza nini? Doris alivaa mabuti yangu ya mvua, namba tisa, akajaza magazeti mbele. Kofia aliipata kwenye mtumba wa Safia, mama mmoja jirani yetu. Ni kofia ya kike ya harusini, ina ua kubwa la plastiki ubavuni. Mwenyekiti wenu, Ndugu Tumainieli, aliicheka kwenye kipaza sauti. Kofia ni pana au si pana? Ni pana. Basi kicheko kilikuwa cha nini?

4. Sasa tufike kwenye dhuluma yenyewe, na hapa naomba usome polepole.

Washiriki walikuwa tisa. Wanane walipanda madume ya tambarare, na madume hayo yakafanya vurugu zisizo na adabu. Wa kwanza alikaa sekunde tatu. Wa pili sekunde mbili. Wa tatu sitaki kumtaja kwa sababu namjua baba yake. Bora wao wote alikuwa kijana Bahati, wa upande wa Jipe, aliyekaa sekunde tisa kisha akatua kwenye miiba. Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Halafu akaitwa Doris. Kisirani aliteremshwa kwenye gari, akautazama uwanja, akaitazama tambarare yote mpaka ilipoishia, akalala chini. Doris akapanda. Mtunza saa wenu, Ndugu Erasmo, akapuliza filimbi, saa ikaanza. Vijana wakapiga mayowe, wakagonga madebe, mmoja akapuliza pembe karibu na sikio la mnyama. Kisirani alicheua. Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Ndugu Erasmo akamkabidhi mwenzake saa, akaenda kunywa chai na andazi, akarudi, akamkuta Doris pale pale. Kwenye dakika ya ishirini na kitu binti yangu aliona kifungo cha blauzi yake kimelegea, akachomoa sindano kwenye ukosi, ambako fundi yeyote huiweka, akakishona. Hamkumwona hata akitikisika. Alishushwa kwa nguvu kwenye dakika ya arobaini na moja, mwenyekiti alipodai kwamba watu wanataka kwenda makwao.

Dakika arobaini na moja dhidi ya sekunde tisa! Kisha nasikia kwa masikio yangu mshindi ni Bahati. Nilidhani kipaza sauti kimeharibika.

Sababu mlizotoa nimezipitia moja moja. Mlisema ng'ombe hakusimama. Kanuni inasema "juu ya ng'ombe". Haisemi ng'ombe mwenyewe awe juu ya nini. Mlisema hakurusha mateke. Kanuni haimdai mateke, na tangu lini mshindani akaadhibiwa kwa sababu mpinzani wake amekubali kushindwa? Mlisema Doris alishona kifungo, kwamba ni dharau kwa mchezo. Nionyesheni kanuni inayokataza vifungo. Na mwisho mkasema, tena mbele za watu, kwamba ng'ombe wetu ni mpole. Mpole! Mnyama huyu hakuitwa Kisirani kwa kukosa jina. Amevunja mahori mawili. Amemtupa mtu juu ya paa la jiko, na mtu huyo ni mimi. Pale bandani hakuna anayemkaribia bila kumsemesha kwanza kwa mbali. Mlichokiona Jumamosi ni ukali uliokutana na mtu wake. Binti alimkalia, akamwonyesha nani ni nani, mnyama akanywea. Huo ndio ustadi, na ninyi mliuona mkauita uvivu.

5. Nimearifiwa na watu wawili wa kuaminika kwamba Bahati hajui kutunga hata uzi kwenye sindano, na kwamba cherehani sasa iko sebuleni kwao ikiwa imebeba redio. Pedali yake inakanyagwa na watoto wanaocheza gari. Niliposikia hilo nilitoka nje nikazunguka migomba mara mbili ndipo nikaweza kurudi mezani. Kijana simchukii, aliumia na miiba ile ni mibaya. Lakini cherehani haikutengenezwa ili isikilize taarifa ya habari.

6. Lalamiko la mwisho ni la kitaifa. Salimu ameniambia kwamba kule Marekani, bingwa ni yule anayekaa sekunde nane. Nane tu, na wanampa mkanda wenye bamba la fedha. Nimepiga hesabu, maana kalamu ya karani haistaafu: dakika za Doris ni sekunde elfu mbili mia nne na sitini, yaani mabingwa mia tatu na saba wa Kimarekani, na wa mia tatu na nane akiwa nusu njiani. Nchi yetu imeomba misaada ya kila aina miaka hii, mahindi, dawa, hata karatasi za shule. Siku moja tumepata kitu ambacho tungeweza kuwafundisha wao, na kamati yako imekifuta kwa sababu watu walikuwa na haraka ya kwenda kula. Nani atakayebeba aibu hii?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Matokeo yatenguliwe na cherehani ipande Vudee kwa gari la ndizi, dereva anapajua. Ukuta wangu uje kujengwa na kamati nzima, mwenyekiti akikanyaga udongo. Jina la Doris lipelekwe wizarani, na kutoka wizarani lipelekwe ubalozini, na huko ubalozini waulizwe kama wana mtu wa kushindana naye. Mwakani kila kata ya tambarare ilete ng'ombe aliyelelewa ndani, ili tupimane kwa haki. Na ikiwa kamati itashindwa kutekeleza haya ndani ya wiki mbili, Kisirani mwenyewe ataletwa mlangoni kwa ofisi yenu na kulazwa hapo, na tutaona ni nani atakayemwinua.

Naandika haya kwa heshima zote, na hasira yangu isikufanye udhani nimesahau kwamba wewe ni mtoto wa watu. Msalimie mama yako, na baba mdogo wako wa Kighare. Msalimie Bi Rabia ukipita barazani kwake, Erasmo na saa yake, na Mwenyekiti Tumainieli, huyo mpe salamu fupi. Bahati mpe pole ya miiba. Doris anakusalimu, ndiye aliyeinakili barua hii yote kwa mwandiko wake, kama unavyouona ulivyonyooka.

Wako katika kudai haki,

Eliakimu Mgonja
Mzee wa Kanisa na Karani Mstaafu

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati, Afisa Vijana, Jalada.

Nyongeza baada ya sahihi: Hapa naandika mwenyewe. Doris ameenda mtoni na bahasha bado haijafungwa. Mwanangu Honorata, yaliyoandikwa juu yafute yote. Asubuhi ile ya Jumamosi, kabla gari la ndizi halijafika, nilimnywesha yule ng'ombe ndoo mbili za dengelua, pombe yetu ya miwa, zilizochanganywa na pumba. Mimi, ambaye midomo yangu haijawahi kugusa pombe, nilikwenda kuiomba kwa mke wa Filipo, na mpaka sasa anaamini nimerudi nyuma kiimani na ananiombea. Sikufanya hivyo ili tushinde. Nilimwona Doris amesimama uani akiwa amejiandaa, mdogo kuliko nilivyokuwa nikimkumbuka, na mnyama yule nyuma ya ukuta uliobaki akipiga pembe, na nikaogopa. Mama yake alinifia akaniachia huyo mmoja.

Doris hajui. Anaamini Kisirani alimtii. Tangu Jumamosi anatembea hapa kijijini ameinua kichwa, na wasichana wanamfuata nyuma wakitaka wasimuliwe. Lakini jana aliingia bandani peke yake kumkuna shingo, na mnyama sasa ana akili zake zote. Nilimtoa Doris kwa kisingizio cha chai. Kwa hiyo Jumatatu namshusha Kisirani mnadani, na bei yake itamnunulia Doris cherehani ambayo hakuna mtu wa kuibishania. Bahati abaki na yake.

Nakuomba kitu kimoja tu. Nijibu. Nikatalie kwa kanuni yoyote utakayoipata, hata ukiitunga leo, sitakata rufaa. Ila bahasha iandike jina la Doris, na ndani umwambie kwamba ng'ombe yule alikuwa mkali kuliko wote, na kwamba ulimwona akimkalia.