Mashindano Yangu na Tumbo la Dada

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi kilo 141. Nikavua viatu. 140 na nusu. Nikavua saa. Palepale!

Dada anapasuliwa Alhamisi. Ana kilo 152, kisukari cha miaka kumi na moja, na hulala na kinyago cha mashine ya kupumulia. Mimi nina kisukari cha miaka minne tu na sina kinyago, kwa hiyo kwa hesabu zangu ni mzima. Daktari hakukubaliana na hesabu zangu. Alisema sote wawili tunafaa kupasuliwa. Nilimshukuru sana, nikatokea mlango wa nyuma.

Leo hapa kwenye chumba chetu cha ushonaji, Dada alinieleza tena watakachofanya, huku akipiga pindo la pazia. Tumbo linakatwa, kinabaki kifuko kama yai. Utumbo unavutwa juu na kuunganishwa nacho, chakula kinaruka kipande cha njia. Akasema ni ushonaji tu: wanapunguza kiuno, wanahamisha mkono. Mwanamke huyu haogopi! Mimi nikichomwa na sindano ya cherehani naita majirani.

Nikamtangazia shindano. Yeye na kisu chake, mimi na akili yangu. Mwisho wa Mei, mwenye sukari nzuri zaidi anachukua meza ya dirishani, ambayo ameikalia tangu Baba alipotuachia vyerehani. Alicheka mpaka uzi ukakatika. Akasema sawa, Bwana Mipango. Ndivyo anavyoniita. Nalipokea jina hilo kama heshima.

Jumatano, 5 Machi

Siku kumi na mbili sasa Dada anaishi kwa maziwa ya unga na supu nyepesi, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanyia kazi. Hajalalamika hata mara moja. Nimeamua kumpiga kwa silaha yake mwenyewe. Saa mbili, glasi ya maziwa yale. Mwili ukawa mwepesi! Saa tatu, mkate na mayai manne, ili glasi isikae peke yake. Saa saba glasi ya pili, na wali wa kuisindikiza.

Jioni kilo 142. Inaelekea maziwa yale yananenepesha. Nimemwonya Dada.

Alhamisi, 6 Machi

Wamemwingiza saa mbili asubuhi. Kabla ya kuingia alinishika mkono, akaniambia lolote likitokea, zile sare za darasa la kwanza zimebaki vifungo tu. Vifungo! Mtu anakwenda kupasuliwa, anawaza vifungo vya watoto wa watu.

Shemeji, mumewe, ni fundi umeme na si msemaji. Alikaa akihesabu taa za dari. Saa tatu. Saa nne. Mfukoni nilikuwa na biskuti za kutulizia wasiwasi. Sikula hata moja. Naandika hapa ili ijulikane.

Saa tano na nusu daktari akatoka. Ni mama mdogo wa umbo. Akisimama kivulini kwangu anaweza kupotea. Akasema kila kitu kimekwenda vizuri, matundu matano madogo tu, Dada ameamka na ameulizia vifungo. Shemeji akalia kama mtoto. Mimi nikala biskuti zote.

Jumamosi, 8 Machi

Ajabu! Dada alikuwa akijichoma insulini mara nne kwa siku. Leo, siku mbili tu baada ya kisu, muuguzi alipima sukari, akapima tena, akamwita daktari. Dozi nne zimekuwa moja, tena ndogo. Na uzito je? Haujapungua cha kusimulia! Mimi nilidhani sukari hushuka kwa sababu mtu amekonda.

Nikamuuliza daktari. Akavuta kiti, akanieleza kana kwamba nina akili. Alisema ni kweli Dada sasa anakula kidogo sana, lakini si hilo tu. Chakula kinafika mapema utumbo wa chini, nao unatuma ujumbe kwa kongosho: amka, toa insulini yako. Ujumbe mwingine unakwenda kwenye ubongo: basi, yatosha. Akasema utumbo si bomba, ni ofisi, na yeye amehamisha madawati tu. Mtu amefanya jambo kubwa namna hii, halafu anasema amehamisha madawati! Nilitaka kumpigia saluti.

Alisema pia kwamba kisukari kinaweza kulala kwa miaka kisha kikaamka, na kwa wengine hakilali kabisa. Sehemu hiyo sikuisikiliza sana. Nilikuwa nawaza. Mimi na Dada ni baba mmoja, mama mmoja. Ofisi zetu zilijengwa na fundi mmoja. Ya kwake ikiamka, ya kwangu italalaje?

Jumatatu, 17 Machi

Dada yuko nyumbani. Mchana alikula vijiko vinne vya mboga zilizosagwa, kwa dakika ishirini. Kisha akaweka kijiko chini na kusema, "Nimeshiba."

Katika ukoo wetu neno hilo halijawahi kutamkwa. Sisi husema, "Kimeisha."

Alishangaa mwenyewe. Akasema maisha yake yote njaa imekuwa kama redio ya jirani, haizimwi, na leo mtu ameizima. Watu walimwambia tangu utotoni ajizuie, ajizuie. Hakuna aliyejua kwamba redio ile ilikuwa ikimpigia yeye kwa sauti kubwa kuliko wengine. Machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka. Nikamalizia bakuli lake ili chakula kisiharibike.

Insulini amesimamishiwa kabisa, kwa amri ya daktari. Kwa hiyo na mimi leo nimeacha vidonge vyangu, kwa amri yangu. Sijamwambia mtu. Watashangaa!

Alhamisi, 27 Machi

Kiu. Nimekunywa karibu ndoo nzima. Chooni mara tisa kabla ya saa sita. Kilo 138! Mpango unafanya kazi!

Herufi zinacheza kidogo. Mwalimu mkuu wa shule ya zile sare amerudisha suruali yake. Anadai ina miguu mitatu. Nimemwambia mmoja ni wa akiba.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa kitandani hospitalini, dripu mkononi. Jana nilianguka juu ya majora ya vitambaa. Shemeji na fundi viatu wa jirani ndio walioniinua, na fundi viatu bado anashika kiuno. Sukari ilipanda hadi kifaa kikaacha kuandika namba. Kikaandika neno: JUU.

Dada alikuja. Wodi iko ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu. Akapanda! Mwezi uliopita vidaraja viwili vya mlango wetu vilimtoa jasho. Nilisikia hatua zake kwenye ngazi, polepole, kimya, kisha tena. Akatokea mlangoni akihema, mkono kwenye makovu.

"Uliacha dawa?"

"Sisi ni damu moja, Dada."

"Damu moja, matumbo mawili," akasema. "Langu limeshonwa upya. La kwako lina nini? Biskuti."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akakaa, akaishika miguu yangu kama alivyokuwa akifanya nilipopata homa utotoni. Akasema amezika baba, amezika mama, hana nguvu ya kunizika na mimi, tena jeneza langu litahitaji wabebaji kumi na wawili na kila mmoja atalalamika. Tukacheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha.

Wakati wa kuondoka aliniambia meza ya dirishani nichukue tu. Siku hizi anataka kukata vitambaa akiwa amesimama. Nimeshinda! Ajabu ni kwamba sikufurahi.

Jumanne, 29 Aprili

Dada kilo 131. Dawa ya shinikizo la damu imepunguzwa nusu. Pete ya ndoa imemtoka yenyewe, ikaangukia kwenye kisanduku cha vifungo. Tuliitafuta saa nzima.

Lakini si asali tupu. Nywele zimeanza kutoka na kitana. Vitamini atameza maisha yake yote. Jumapili alikula kipande cha keki harakaharaka. Siku hizi sukari inamshukia utumboni kwa kishindo: baada ya dakika kumi jasho, moyo mbio, akalala sakafuni akisubiri kupita. Ikapita. Akaamka, akaendelea kupiga pasi.

Leo mteja mmoja wa mapazia alisema kwa sauti kwamba Dada amechukua njia ya mkato. Nilitaka kumrushia pasi. Njia ya mkato! Mtu anayepima kila kijiko! Anayetembea kila alfajiri mpaka posta na kurudi! Anayemeza vidonge vikubwa kama vifungo vya koti! Nilikuwa bado natafuta tusi la heshima, Dada akajibu mwenyewe, bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Ni kweli, njia imekatwa. Ya tumboni. Hii ya nje naitembea yote."

Mteja akaagiza mapazia mengine mawili. Sijawahi kumwona binadamu kama dada yangu.

Jumatatu, 2 Juni

Nimekubali kupasuliwa! Wiki iliyopita nilimwambia daktari mwenyewe, akanipima: 142. Akafurahi. Akasema vidonge nisiache tena, na kabla ya kupewa tarehe nipunguze kilo tano kwa njia ya haki, nikipimwa kila wiki.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa wino: tumbo halidanganyiki. Ujanja wangu ulikaribia kuniua. Kuanzia leo nafuata nyayo za Dada, hatua kwa hatua.

Leo ilikuwa siku ya kipimo cha kwanza cha wiki. Nyumbani asubuhi nilikuwa bado 142. Ila kliniki, mizani yao imewekwa karibu mno na kabati la mafaili. Muuguzi alipogeuka kuchukua kalamu, kiwiko changu kikapumzika juu ya kabati. Kidogo tu. 136! Kilo sita, kwa kiwiko kimoja!

Muuguzi akanipongeza. Dada alikuwa kwenye benchi. Akasimama, akanipigia makofi mbele ya wagonjwa wote, macho yamemlowa. Hapo moyo ulinichoma.

Kidogo.

Wiki ijayo naegemea viwiko vyote viwili.