Kwasari Iliyopenya Paa

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi wa kituo ametangaza: Ijumaa atamteua mkuu wa darubini. Tunaowania ni wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, bwana najua-yote. Nikishindwa atakuwa bosi wangu kazini, na sebuleni kwa mama mkwe sitakaa kwa raha tena. Haiwezekani! Lazima nigundue kwasari. Hiyo ni galaksi yenye shimo jeusi katikati. Gesi inayomezwa hupata moto hadi inang'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo. Nilipomweleza mke wangu, akasema afadhali hilo shimo, likila linatoa mwanga. Wengine wakila wanakoroma. Nimemsamehe.

Jumanne, 4 Machi
Nimeipata! Darubini ikichambua mwanga wake kwa rangi, skrini inaonyesha mistari mikali, imenyooka, ya kupendeza. Shemeji akachungulia, akauliza kama nimezima taa ya kupimia, ile tunayoiwasha ndani ya darubini kulinganisha rangi kabla ya kazi. Wivu mtupu! Nikafunika skrini kwa koti. Nikamwambia akachunge nyota zake.

Jumatano, 5 Machi
Kila ninapoelekeza darubini, kwasari! Kaskazini, kusini, juu ya utosi. Zote zinafanana kama mapacha. Wenzangu wanahangaika miaka kupata moja, mimi zinanifuata. Nina nyota ya jaha.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua kutwa. Paa la darubini limefungwa. Kwasari bado inaonekana! Ina nguvu hadi inapenya bati. Nimeliongeza hilo kwenye hotuba yangu ya kuwania ukuu, mbele ya kituo kizima. Mke wangu, akininyooshea shati, akauliza kwa upole kama kaka yake amelisikia hilo la bati. Nikamwambia atalisikia kesho pamoja na wengine.

Ijumaa, 7 Machi
Niliionyesha kwasari moja kwa moja kutoka kwenye darubini, skrini kubwa, mchana kweupe, paa limefungwa. Nilipofika kwenye bati, watu wakainamisha vichwa. Nikadhani ni heshima. Mkurugenzi akamnong'oneza shemeji, shemeji akatoka, na kwenye chumba cha darubini, hapo jirani, kitufe kikalia: tak. Kwasari ikazimika. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Shemeji ndiye mkuu, na mimi mkurugenzi kanipa usimamizi wa taa. Nimeumia sana. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala, nimeamka, nimeelewa! Shimo jeusi likikosa cha kumeza, kwasari hufifia. Kwa kawaida huchukua miaka na miaka. Yangu ilizimika papo hapo, ukumbi mzima ukishuhudia! Nimeshamwandikia mkurugenzi. Mke wangu akauliza itakuwaje wakitaka kuiona tena. Nikamwambia aondoe shaka. Asubuhi nilipita kazini, nikabonyeza kile kitufe cha kaka yake, na shimo likaanza kula upya.