Hadithi Tatu za Marehemu

Asali alikuwa kwa kinyozi akisubiri zamu yake aliposoma gazetini kwamba mchapishaji mmoja anatafuta kwa udi na uvumba hadithi ambazo hazijawahi kuchapishwa za yule mpelelezi mzee na mwenzake fundi cherehani, waliopendwa na nchi nzima hata baada ya mwandishi wao kufariki. Asali, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake wala si tabia, akaondoka bila kunyolewa.

Miezi minne alijifungia chumbani akiandika kwa mkono. Mtu huyu aliyewahi kuuza nyumba ya shemeji yake mara mbili hakujua kwamba uongo unaweza kuchosha hivyo. Fundi cherehani alipopigwa risasi, Asali alilia, akamfufua. Halafu akazichovya karatasi kwenye chai, akazianika, zikazeeka miaka thelathini kwa mchana mmoja.

Mchapishaji alizipokea kwa mikono miwili. Aliambiwa zimekutwa ndani ya kabati la mnadani, naye hakuuliza mnada gani. Aliwapenda mno waandishi waliokufa, maana hawapigi simu. Alichotaka ni mtu wa kuutambua mwandiko tu, kwa hiyo akamwita mjane wa marehemu.

Mama yule alivaa miwani, akasoma zote tatu. Neno moja tu la yule mama lilitosha kumpeleka Asali jela.

"Ni mwandiko wa mume wangu," akasema.

Asali akashusha pumzi, akakaa mkao wa kulipwa. Mchapishaji akamshukuru kwa uaminifu wake, akampa kalenda ya kampuni, kisha akaandika hundi kwa jina la mjane, kwani kazi ya marehemu ni mali ya mrithi. Asali akafungua kinywa. Aseme nini, kwamba ameziandika yeye? Akakifunga.

Kwenye ngazi alimuuliza yule mama kama kweli ameutambua mwandiko.

"Mume wangu hakuwahi kushika kalamu, mwanangu. Yeye alisema, mimi nikapiga taipu, miaka ishirini." Akaitia hundi kwenye pochi. "Nyingine tatu nazitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Usipoleta, miwani yangu itaanza kuona vizuri. Ila yule fundi cherehani umemweza. Wa kwetu hakuwahi kunichekesha namna hii."

Asali, aliyeibiwa mchana kweupe, alihisi furaha ambayo hakuna wizi uliowahi kumpa.

"Umecheka wapi, mama?" akauliza. "Ukurasa wa ngapi?"