Betri ya Mwakani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka nikiwa dereva wa gari la umeme. Ndotoni, lakini. Lilikuwa la bluu. Halikuwa na sauti kabisa, hata nikawa nasikia ndege kwenye nyaya na mke wangu akihema pembeni yangu. Tukawa tunateleza tu, barabara yote yetu. Mara Mama Watoto akanitikisa. Akasema nimeukaba mto kama usukani, na yeye anaondoka.

Anaondoka na shemeji. Hilo ndilo linaloniuma. Tangu nilipouza Kikohozi, gari letu la petroli, mdogo wake humpitia kila asubuhi na gari lake la mikate na kumshusha zahanati, kazini kwake. Yeye ni mkunga. Anafika kazini akinukia mkate moto. Kikohozi nilikiuza kwa akili nyingi, mtu asiseme. Niliwaza: magari ya umeme yakishaenea, nani atataka la petroli? Uza mapema, wawahi wote! Haya, nimewawahi. Sasa naenda dukani kwangu kwa miguu, na wote niliowawahi wananipita na kunipigia honi.

Jioni Mama Watoto kanipa mpaka Jumamosi. Gari liwe langoni, la sivyo atajua la kufanya. Nikamwambia subira yavuta heri. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikaona bora nile.

Jumanne, 4 Machi

Nimelikuta! Gari la ndoto yangu, lile lile, bluu, kwenye uwanja wa dalali wa magari. Si jipya, lilikuwa na mwenyewe, lakini limetunzwa. Dalali kaniruhusu kukaa ndani. Nimefunga mlango. Kimya! Kelele zote za mtaa zikabaki nje huko na taabu zao. Nikafumba macho. Nikaendesha mbali sana bila kusogea. Dalali alipogonga kioo nilikuwa nimeshamfikisha Mama Watoto kazini na nimerudi.

Nikauliza umri wa betri. Akautaja. Mkubwa! Mimi ni fundi saa, betri nazijua. Betri ya saa haiugui. Inakwenda, inakwenda, halafu pap! Haikuagi. Sasa nikaona Mama Watoto katikati ya njia panda, malori huku na huku, gari limesimama pap, na huko zahanati mtoto yuko mlangoni anataka kutoka. La hasha. Tena gazeti la leo linasema mwakani zinakuja betri nyingine: nyepesi, zinakwenda mbali, zinajaa kabla chai haijapoa. Anayenunua leo ni mjinga.

Ila na mwingine asilinunue! Hapana. Huo utakuwa wizi. Lazima libaki pale mpaka nimalize kufikiri.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umekamilika. Nimeupata wakati nafunga kiskrubu cha saa ya mwalimu mkuu. (Kiskrubu kimepotea. Tutaonana, kiskrubu.)

Shemeji alikuja na saa ya ukutani ya duka lake la mikate. Kumbe naye analitamani la bluu! Anasema litafaa kusambazia mikate, mafuta yanammaliza. Nikamvuta karibu, nikamnong'oneza kwamba betri ya lile gari imekwisha kabisa, imebaki sura tu. Akashika kichwa. Akanishukuru kwa undugu. Undugu, nikasema, ndiyo kazi yake.

Mchana nikawanong'oneza mabwana wawili niliowakuta wanalizunguka uwanjani. Kisha nikaenda kunyolewa ndevu, nikamnong'oneza kinyozi. Kinyozi kusikia tu, wembe ukasimama hewani. Ukimwambia kinyozi umewaambia wote.

Doa moja tu. Shemeji akiondoka aliuliza kama nimesikia habari za mapacha. Mapacha gani? Watatu, akasema, jana, mikononi mwa dada! Baba yao alipoonyeshwa wa tatu alianguka, akaangukia mizani ya kupimia watoto. Nikacheka sana. Mpaka shemeji alipotoka. Zamani habari hizo zilikuwa zangu. Kikohozi kikikohoa kutoka langoni mpaka kona ya shule, Mama Watoto alikuwa akinihadithia nani kazaliwa, nani kalia, nani kazimia. Jioni huwa amechoka, anajibu "nzuri" tu, analala. Maneno yake yote ni ya asubuhi. Na asubuhi zangu sasa anazila muuza mikate.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Nimepita uwanjani nikamkuta dalali kajiinamia. Wateja wanakuja, wanalitazama la bluu, wanatikisa vichwa, wanaondoka. Hajui limeingiwa na nini. Ameshusha bei, tena ameishusha vibaya. Nikaingia ndani ya gari, nikafumba macho, nikamsikia Mama Watoto akinihadithia mapacha kuanzia mwanzo. Nikaamua. Nanunua! Betri ya mwakani nayo ije tu, itatukuta. Nikatoka mbio kwenda nyumbani kuchukua hela.

Kinyozi akaniita mlangoni kwake. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaninong'oneza kwamba amesikia nalitamani la bluu, na kwamba yeye hanitakii mabaya. Nisiliguse. Betri yake imekufa. Nikamuuliza nani kasema. Akasema kuna mtaalamu mkubwa wa betri hapa mjini, mtu aliyemaliza ujana wake kwenye betri, kalifungua kwa mikono yake mwenyewe akaona.

Kumbe kweli! Na mimi nilidhani nasema uongo! Nikamwambia sikujua. Kinyozi akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimemshukuru mpaka machozi. Nikarudi dukani kwa njia ya nyuma ili la bluu lisinione.

Mungu ananipenda, jamani. Nilikuwa nimebakiza hatua chache niangamie.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe. Nimeamka mapema kuandaa hotuba ya betri ya mwakani. Mama Watoto hakuwepo kuisikiliza, alikuwa ameshatoka. Nikawahutubia kuku wa jirani.

Asubuhi ikiwa imekomaa, nikasikia honi langoni. Sikuwa nimesikia gari likija. Nikachungulia. La bluu! Na kwenye usukani, Mama Watoto, kilemba kimekaa sawasawa, anatabasamu. Nikatoka mbio na taulo, napiga kelele ashuke kabla halijasimama pap. Akaniambia limeshasimama, amelisimamisha yeye, kwa breki.

Alikwenda na fundi umeme wa zahanati. Fundi kachomeka kifaa chake, kapima betri. Ni nzima. Imepungua kidogo tangu ilipokuwa mpya, kama sisi sote, akasema mke wangu, na akanitazama taulo. Nikamweleza habari ya pap. Akasema naye aliuliza hilo, na fundi akacheka: betri ya gari haikatiki kama ya saa, inapungua kidogo kidogo, na gari lenyewe linakuonyesha kilichobaki. Kisha akamuuliza fundi swali moja tu: kwa chaji moja linakwenda umbali gani sasa, si lilipokuwa jipya. Akatajiwa. Akapima na njia ya zahanati, kwenda na kurudi. Wiki nzima, na chaji inabaki. Basi akalipa.

Mimi mambo ya umbali wa zahanati sikuwahi kuyafikiria. Nilikuwa nafikiria ya mwakani.

Nikamwonya kuwa mtaalamu mkubwa amelifungua akaona betri imekufa. Akasema ndiyo, dalali kamweleza habari za huyo mtaalamu. Mfupi, kipara, ana kioo cha fundi saa kwenye paji la uso, kila siku anakuja kusinzia ndani ya gari. Nikamwambia watu wa namna hiyo ni wengi. Akasema anamshukuru sana popote alipo, maana bila yeye bei isingeshuka hivyo. Akaenda kupika huku anacheka. Sikuelewa kicheko chake.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui niandike nini. Amenipeleka kazini.

Kimya. Ndege kwenye nyaya, nimewasikia kwa masikio yangu. Taa zikatuwakia kijani zote, au niliziona hivyo. Tulipofika kona ya shule akaanza: mama wa mapacha anatoka leo, na mmoja amempa jina lake. Jina la mke wangu! Hata shemeji hajui! Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi. Vumbi gani, akasema, na vioo vimefungwa? Akanishika mkono mpaka mlangoni pa duka.

Shemeji katupita na gari lake la mikate, moshi mpaka juu. Nimempungia kwa upole.

Jumatano, 12 Machi

Gazeti tena! Betri ya mwakani imekaribia. Safari hii wameweka na picha. Nikawaza upesi: ikitoka, la bluu litakuwa chuma tu. Liuzwe sasa hivi, niwawahi wote! Nikamwambia dalali, kwa siri, aje Jumamosi alfajiri, Mama Watoto akiwa bado amelala. Kisha, ili bei ipande, nikapita kwa kinyozi nikamnong'oneza kwamba betri ya la bluu ni ya ajabu, kila ikizeeka inazidi nguvu.

Alasiri kinyozi akaja mbio dukani, povu la mteja bado mkononi. Akauliza kama ni kweli nataka kuuza. Nikakiri. Akaniambia nisithubutu! Yule mtaalamu mkubwa amelipima upya. Amesema betri kama hiyo haijawahi kutokea, na mwenye nayo akiiuza atajuta maisha yake yote.

Nilikaa chini. Nusura! Nimekwenda mwenyewe kwa dalali nikamwambia asije. Jioni nimekaa ndani ya la bluu, limesimama, nimefumba macho, nasubiri asubuhi.

Huyo mtaalamu, siku nikimpata, lazima nimpe mkono.