Masomo ya Kumshinda Kaka Nishonboy

Jumatano, 8 Mei

Nimefungwa tena kwenye sataranji. Mbele ya mgahawa mzima wa chai, na Hamdam mwenye mgahawa amesimama na birika mkononi kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi. Kaka Nishonboy alianza kuvuma wimbo puani. Akianza kuvuma, ujue umekwisha. Nikajua. Nikakwisha.

Hamdam akasema, tena kwa sauti, "Sotvoldi, wewe uza kofia zako tu. Hii sataranji waachie wenyewe." Watu wakacheka mpaka chai ikawamwagikia. Miaka yote ya ujirani, ukuta mmoja, mfereji mmoja wa maji, na sijawahi kumshinda Nishonboy, isipokuwa siku ile aliyokuwa na homa. Hiyo wanakataa kuihesabu.

Basi! Imetosha. Leo nimeingiza masomo kwenye simu. Mabingwa wa kweli, wamejirekodi wakifundisha, kwa Kirusi. Kirusi changu ni cha jeshini, lakini "shambulia" na "rudi nyuma" niliyasikia sana kule. Nimenunua na spika ndogo za kuchomeka masikioni.

Bingwa wa kwanza ana sweta ya kijivu na sauti ya daktari. Kabla hujagusa kete, anasema, jiulize mwenzako anataka nini. Rahisi. Nishonboy anataka kuniaibisha.

Zulayho, mke wangu, ameuliza matawi ya mforosadi yako wapi, viwavi wake wa hariri wana njaa. Nimesahau. Kesho.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepata pa kusomea. Chumba cha viwavi! Joto, giza kidogo, hakuna anayeingia. Viwavi wanatafuna majani, sauti yake kama mvua juu ya bati. Nikaweka somo kwa sauti kubwa. Zulayho akaja mbio na kuniambia viwavi hawapendi kelele, na kwamba wakigoma kula, nitasokota hariri mwenyewe kwa meno. Nikaziba masikio kwa zile spika. Dunia ikanyamaza. Raha iliyoje!

Nikaenda mgahawani na mwanzo mpya wa mchezo, hatua kwa hatua, nimeukariri. Tatizo: Nishonboy hajaukariri yeye. Hatua ya tatu akasogeza askari ambaye bingwa hakumtaja kabisa. Nikabaki namtazama. Huo si uungwana.

Katikati ya mchezo akasema, "Mdogo wangu, kuna jambo nataka nikuambie."

Nikamwinulia kiganja. Sweta, ndivyo ninavyomwita yule bingwa, ameonya kuhusu wachezaji wanaoongea kwenye ubao. Nikamwambia, kwa heshima zote, kaka, tucheze kwanza. Akatikisa kichwa, akachukua malkia wangu.

Jumamosi, 11 Mei

Somo la leo: kafara. Mwenzako anakupa kete bure. Usifurahi, anasema Sweta. Hakuna cha bure. Tafuta anachokificha.

Na mchana huohuo! Nilikuwa uani, masikio yamezibwa, nikaona ngazi inapanda juu ya ukuta. Kisha kofia ya Nishonboy. Akateremsha ngazi upande wangu, ile ngazi yake nzuri ya mti wa mjozi ambayo nimeiazima tangu tulipokuwa na nywele. Midomo ikacheza. Nikachomoa spika moja, nikasikia mwisho tu: "...ichukue, iwe yako."

Nikacheka kimoyomoyo. Kafara! Mchana kweupe!

Alipoondoka nikairudisha juu ya ukuta. Baada ya muda ikarudi kwangu. Nikairudisha. Ikarudi. Mara ya mwisho niliisikia sauti yake ng'ambo: "We Sotvoldi, una kichaa?" Nikaiacha ilale chini ya mforosadi, lakini sijaigusa kama mali yangu. Naichunguza.

Jumapili, 12 Mei

Kafara ya pili. Amemletea Zulayho sufuria kubwa ya chuma ya kupikia pilau, ile ya marehemu mkewe, Hojarbibi. Sufuria ambayo Hojarbibi hakumwazima hata dada yake. Zulayho ameipokea kwa mikono miwili, akalia. Nishonboy naye akasimama pale anatazama viatu.

Nilikuwa katikati ya somo la ngome. Mke wangu akaniambia jambo refu. Nilimwona akilisema. Nikaitikia kwa kichwa pale ilipoelekea panahitaji kuitikia. Akaniuliza, "Sasa utafanya nini?" Hilo nililisikia. Nikamwambia nitaweka ngome mbili kwenye mstari mmoja na kungoja.

Kisha amekwenda kulisha viwavi.

Jumatatu, 13 Mei

Hatari! Nishonboy ameleta mwalimu kutoka mjini.

Nimemwona mwenyewe. Mtu mwenye viatu vilivyochongoka, mkoba wa ngozi, anaingia kwa Nishonboy asubuhi. Sikuwa na njia ila kuitumia ile ngazi. Nikapanda, nikachungulia. Mtu yule anatembea uani kwa hatua za kupima, anaonyesha huku na huku, anaandika, na Nishonboy anaitikia kila neno. Wakatoa utepe, wakaunyoosha kutoka lango hadi kisimani. Mbinu mpya hiyo! Wanacheza sataranji kwa miili yao, uwanja mzima ndio ubao! Sweta hajafika huko.

Nikainama zaidi nisikie. Ngazi ikateleza. Nikaangukia kwenye rundo la matawi ambayo Zulayho alikuwa amekata mwenyewe, kwa kuwa mimi sikukata. Alitoka, akatazama majani yaliyopondeka, akanitazama mimi. Akaniita kwa jina la mwanetu, "Baba Botir, kama ungekuwa kiwavi, siku hizi ungekuwa umeshatoa kitu."

Mgongo unauma. Somo limeendelea.

Jumatano, 15 Mei

Sijaenda dukani. Mgongo. Nimelala chumba cha viwavi. Zulayho anasema wanakaribia kujifunga ndani ya vifuko vyao vya hariri; wameacha kula, wanainua vichwa na kuvitikisa polepole kama wazee wanaosikiliza habari wasizozikubali.

Somo: mwisho wa mchezo. Hapa amefundisha bingwa mwingine, mama mmoja mwenye nywele fupi. Amesema jambo ambalo sijalitoa kichwani. Mwanzoni mfalme hujificha nyuma ya watu wake. Kete zikipungua, hana tena wa kumficha. Lazima atoke mwenyewe, atembee.

Nikamfikiria Nishonboy. Kwao palikuwa na watu tele. Binti yao Muattar akiimba uani. Hojarbibi akipitisha bakuli juu ya ukuta, supu ya tambi, halafu kuita, "Shemeji, irudishe bakuli, usiirudishe tupu!" Muattar akaolewa Tashkent. Hojarbibi akatutoka wakati wa theluji. Tangu hapo ng'ambo ya ukuta nasikia mlango mmoja tu ukifunguliwa na kufungwa.

Jiulize mwenzako anataka nini. Nimelala nikaliwaza hili kwa dhati, bila spika. Mtu anayegawa ngazi. Anayegawa sufuria. Anayetaka kuniambia jambo. Nikahisi kama niko karibu kabisa kulishika.

Kisha likanijia. Anataka nimhurumie, nilegeze mkono! Karibu nianguke mtegoni. Mabingwa Mungu awabariki.

Alhamisi, 16 Mei

NIMEMFUNGA!

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilifika mgahawani, nikakuta watu wengi kuliko kawaida, na wametulia. Hakuna aliyenidhihaki. Hamdam alileta chai na sahani ya zabibu kavu, akakataa malipo. Woga huo, nikajua. Habari za masomo yangu zimeenea.

Nishonboy alikuwa amevaa joho lake la hariri la sikukuu. Tukaanza. Nikamuuliza Sweta kichwani kila hatua. Nishonboy hakuvuma wimbo. Mara nyingi hakuutazama ubao. Alitazama mfereji, na miti, na paa la Hamdam lenye kiota cha korongo. Nikaona ngome yake iko wazi. Akainyooshea mkono, akaishika kidogo, kisha mkono ukahamia kwa farasi. Nikaila ngome! Baada ya hapo ilikuwa kumalizia tu. Mfalme wake alitoka, akatembea mpaka katikati, peke yake, nikamnasa huko.

Hakuna aliyeshangilia. Wivu.

Nishonboy akanipa mkono na hakuuachia. Kiganja chake kigumu kama ubao. Akasema, "Umecheza vizuri, mdogo wangu. Leo umecheza vizuri sana."

Nikamwambia asivunjike moyo, kesho atajaribu tena.

Mzee mmoja akageukia ukutani. Hamdam akasema, "Sotvoldi, Sotvoldi," akaanza kukusanya vikombe.

Nimerudi nyumbani nikirukaruka. Zulayho alikuwa anawawekea viwavi vijiti vya kujifungia. Nikamwambia nimeshinda. Akaniuliza kama nimemuaga. Nikauliza kumuaga nani. Akakaa chini. Akasema, "Baba Botir, chomoa hivyo vitu masikioni."

Nikavichomoa.

Nishonboy anahama. Kesho. Amemuuzia nyumba yule mwenye viatu vilivyochongoka. Anakwenda kwa Muattar. Zulayho alikwisha niambia, kumbe, siku ya sufuria. Mtaa mzima unajua.

Ijumaa, 17 Mei

Gari la mizigo lilikuja mapema. Vitu vyenyewe vichache: masanduku mawili, mazulia, cherehani ya Hojarbibi, na mito mingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kulalia. Nimebeba upande mmoja wa sanduku. Mgongo ukalia, nikanyamaza.

Majirani wakaomba dua, tukapitisha mikono usoni. Kisha akaja kwangu. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri: kwamba ukuta ule, kwamba bakuli zile, kwamba mimi huwa si mwepesi wa kusikia. Yote yakanipotea. Likatoka hili:

"Kaka, ni kwa sababu ya jana? Kwa kuwa nimekufunga?"

Nishonboy alinitazama. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari, mpaka joho likamvuka begani, akafuta macho kwa upindo wa mkono, akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

"Ndiyo, mdogo wangu," akasema. "Umenihamisha mji."

Akanikumbatia. Gari likaondoka na vumbi lake.

Nimejisikia vibaya mchana kutwa. Sikujua kwamba sataranji inaweza kumfanyia mtu hivyo. Mabingwa wangepaswa kutahadharisha mwanzoni mwa somo.

Jumatatu, 20 Mei

Nimekwenda mgahawani. Hamdam amenipangia kete bila kuulizwa, kisha amekaa mwenyewe upande wa pili. Nimemfunga mara tatu kabla chai haijapoa. Hakuna ladha. Ni kama kupiga chafya ikakataa kutoka.

Nikarudia kwenye ubao mchezo wangu wa Alhamisi, hatua zote. Na nikaona kitu cha ajabu. Kabla sijaila ile ngome, Nishonboy alikuwa na njia ya kunimaliza. Hatua mbili tu! Ile ngome yenyewe, kisha malkia. Kitu cha wazi kabisa. Nimemwonyesha Hamdam.

Hamdam akasema, "Na wewe unadhani hakuiona?"

Nikamwambia bila shaka hakuiona. Umri. Macho. Ndiyo maana mtu asichelewe kujifunza. Hamdam akachukua birika akaenda kuwapa chai watu ambao hawakuomba.

Nyumbani viwavi wote wamejifunga. Vifuko vyeupe vimejaa vijitini. Chumba kiko kimya kiasi kwamba Sweta, hata nikimpunguza sauti, anaonekana anapiga kelele.

Alhamisi, 23 Mei

Nishonboy amepiga simu. Nilikuwa na somo, karibu nisipokee.

Nikamuuliza hali. Akasema binti hajambo, wajukuu hawajambo, ghorofa ya saba, maji ya moto muda wote. Akasema kuna ubao kwenye bustani chini ya jengo, meza ya saruji, amekaa hapo kila siku na kete amezipanga. Watu wanapita. "Wana haraka huku, Sotvoldi. Mtu hata hakai chini akafungwa vizuri."

Nikasikia watoto kwa mbali upande wake.

Akasema, "Kwenu forosadi zimeshaiva?"

Nikamwambia zimeiva, zinaanguka, upande wake wa ukuta pia. Akasema eh. Akasema basi. Akakata.

Nikakaa na simu mkononi. Nikajiuliza, kama ninavyojiuliza siku zote sasa: mwenzangu anataka nini? Nimechukua muda wangu. Nimechambua kila neno. Na safari hii nimempata, hana pa kujificha.

Hana mazoezi! Hana wa kucheza naye! Kajifichua mwenyewe kwa mdomo wake! Mpinzani akidhoofika, usimpe nafasi ya kupumua, mshambulie hukohuko aliko. Maneno ya Sweta hayo, somo la kumi na moja.

Nimefunga duka. Nimekata tiketi ya treni ya kesho asubuhi kwenda Tashkent. Nimepanda ile ngazi nikachuma forosadi ndoo nzima, kwa ajili ya kumchanganya akili. Masomo mapya yako kwenye simu, yatanitosha njia nzima.

Zulayho hakubisha hata kidogo, jambo lisilo kawaida yake. Amepika pilau ya watu wawili kwenye ile sufuria kubwa, akaifunga kwa kitambaa. Akatia na shati langu la pili, na la tatu. Akaniuliza nitakaa siku ngapi.

Nimemwambia sijui. Inategemea atajitetea kwa muda gani.