Kengele ya Stoo ya Chumvi

Jumatatu, 1 Septemba 1952, Geita

Chumvi ya posho ya wachimbaji wa mgodi imepungua tena! Bwana Meneja amesema, bila kuinua uso, kwamba gunia jingine likiguswa kabla ya Jumamosi, nirudi kuchunga ng'ombe wa baba na meza yangu apewe Theonest. Karani mwenzangu huyo alikuwa dirishani, akisikiliza. Akaniuliza kwa huruma kama ng'ombe wa baba wanajua Kiingereza.

Mwizi ni yeye. Sina shaka.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepata akili. Kengele ya umeme! Mlango wa stoo ni wa bati, unateleza kwenye reli. Nimefunga kipande cha shaba mlangoni na kingine kwenye fremu, mbali kidogo ili visigusane mlango ukiwa umefungwa. Mlango ukifunguka, shaba zinagusana na kengele ya betri inalia. Nimebanwa kidole. Nkwabi, mlinzi, akasema komeo lingetosha. Nikamjibu kwamba komeo halina elimu.

Jumatano, 3 Septemba

Imelia! Nikaingia chini ya meza, kwa tahadhari tu. Hakuja mtu ila Mama Limi na wenzake, rozari mkononi, wakidhani ni kengele ya katekista. Akaniuliza kama siku hizi katekista anasalisha mvunguni mwa meza.

Mlango wazi, mwizi hayupo, gunia limelowa pembeni. Theonest ana mate mengi!

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda kwa Mzee Bujiku, mkubwa wa wazee wa kijiji. Nilitoa shikamoo mara tatu, kwa woga. Nikamwomba kengele yangu ihesabiwe kuwa mwano, ule ukelele wa kuitana ng'ombe wanapoibwa, ambao kila mwanamume huukimbilia na rungu. Amekubali. Akanionya kwamba asiyeitikia mwano hutozwa beberu, na anayeupiga bure hutozwa beberu vilevile.

Bure! Nilicheka njia nzima.

Ijumaa, 5 Septemba

Imelia mchana kweupe. Kijiji kizima kikaja mbio! Marungu, mikuki, mmoja na mchi wa mkewe. Nilikuwa nyuma yao, mahali salama, nikipiga kelele kwamba wamkamate Theonest. Theonest akaitika nyuma yangu. Naye alikuja na rungu.

Ndani alikuwa beberu mweupe wa Mzee Bujiku, akilamba chumvi, hana wasiwasi na mtu. Nkwabi akawaonyesha kwamba reli imeinama: mlango nisipoukaza vizuri, nikigeuka tu unateleza na kufunguka wenyewe.

Wazee wakaketi palepale. Wakauliza tangu lini mbuzi akapigiwa mwano. Hukumu: nimeupiga bure, nitoe beberu. Mwenye beberu wa kuuza alikuwa mmoja tu, Mzee Bujiku. Nimemnunua yuleyule. Wamemla. Theonest akaisifu nyama, kwamba imekolea chumvi tangu mbuzi akiwa hai.

Jumamosi, 6 Septemba

Bwana Meneja amecheka hadi akavua miwani. Nimebaki kazini! Ila ametaka komeo, na Nkwabi amelipigilia kabla sijamaliza kulipinga. Magunia yote salama.

Watu wanasema yamekwisha. Mimi nimefikiri zaidi. Mbuzi hawezi kuijua stoo ya mgodi kwa akili yake mwenyewe. Kuna mtu aliyemfundisha, na mtu huyo jana alikula paja zima.

Betri bado ina nguvu. Nimekwenda kuupima mlango wa chumba cha Theonest. Hautelezi, lakini hilo ni suala la msumeno tu.